Glasi ya Namba Kumi na Nne

Damasi alifariki Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, wakati nimetoka wodini kwenda kusuuza kikombe chake. Niliporudi muuguzi alikuwa ameshavuta pazia. Alinikabidhi mfuko wenye shati, kandambili na simu, na simu ilikuwa inatetemeka humo ndani. Niliitoa nikidhani ni shemeji yangu Alois anapiga. Haikuwa Alois. Ulikuwa ujumbe wa kundi la WhatsApp la darasa lao, wanarushiana vichekesho vya asubuhi kama kawaida yao, na mmoja ameandika, "Namba 14 leo kimya. Amka mzee."

Nilimwambia Alois, Alois akamwambia Theophil, na kabla sijafika kwenye geti la hospitali kundi lilikuwa limeshabadilisha picha yake ya mbele. Waliweka picha ya Damasi. Ameshika glasi yenye povu, amerudisha kichwa nyuma, anacheka hadi meno ya mwisho yanaonekana. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na picha ile sikuwahi kuiona. Nilikaa kwenye bajaji na ule mfuko mapajani, nikaitazama njia nzima hadi nyumbani Nakwa. Nilipaswa kulia. Nilichokuwa nafanya ni kuhesabu mara ngapi alicheka hivyo nyumbani kwangu.

Kundi lenyewe linaitwa Darasa la 2008. Walisoma pamoja kidato cha kwanza hadi cha nne, wanafunzi arobaini na sita, monita wao akiwa Theophil. Sasa Theophil ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Babati, ana kitambi na watoto wanne, lakini umonita haujamtoka. Kila Jumamosi saa kumi jioni anaandika kwenye kundi, "Mahudhurio." Kila mtu anajibu kwa namba yake ya rejista ya zamani, na chini ya namba anaweka picha ya glasi yake. Walioko Babati wanakuwa wamekaa meza moja. Walioko Arusha na Dodoma na Mwanza wanatuma glasi za huko waliko. Asiyetuma anaandikwa mtoro. Anayetuma picha ya chai anaambiwa apelekwe zahanati.

Niliyasoma hayo kwa miaka. Damasi hakufunga simu yake kwa neno la siri, na alipokuwa anaoga mimi niliichukua. Nilimfuatilia Rogath, namba 36, ambaye alimaliza shule akiwa na nia ya kwenda seminari na hakuwa anakunywa kabisa. Alihamia Dodoma, akaingizwa kwenye kundi, akawa anatuma soda. Wakamwita Sista Rogath. Aliwavumilia kama miezi mitatu. Mwezi wa nne alituma glasi ya bia iliyojaa, hajaigusa, na watu ishirini wakampigia makofi. Mwezi wa tano ilikuwa imefika nusu. Hakuna aliyemlazimisha Rogath kunywa, walimkaribisha tu. Nikaona jinsi anavyoandika zaidi, jinsi utani wake ulivyokuwa mtamu, na nikamwelewa.

Maana hata mimi nilitamani kukaribishwa. Damasi alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, mtu wa maneno machache. Nyumbani aliuliza binti yetu Xaveria amekula, akauliza kama umeme umerudi, basi. Kwenye kundi alikuwa mtu mwingine. Alituma sauti yake akiigiza mwalimu wao wa kemia, na mimi nilisimama jikoni na simu sikioni nikamsikiliza mume wangu akiwachekesha watu arobaini na tano. Sikucheka. Nilihisi kama mtu anayechungulia harusi ya jirani kupitia uzio.

Mwezi wa sita mwaka jana daktari alimwambia ini lake limeharibika na asiguse tena pombe, hata ya kuonja. Alituambia sote wawili, kwa upole, akimtazama Damasi kisha mimi. Tulipotoka nilimpeleka moja kwa moja kwa Alois, kaka yake mkubwa, na mbele ya Alois nikamwapisha kwamba hatakanyaga baa. Aliapa. Alois akasema, "Basi imeisha," tukanywa maziwa, tukarudi.

Jumamosi tatu alikaa nyumbani. Nilifurahi sana. Nilipika makande ya maziwa anayoyapenda, nikaweka cherehani yangu karibu na dirisha alipokaa, nikawa nashona sare za shule huku namwangalia. Ikifika saa kumi simu ilianza kulia. Alikuwa anaisoma halafu anaiweka kifudifudi juu ya goti. Kundini wameandika, mtoro, mtoro, mtoro. Hakuwa amewaambia anaumwa. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie.

"Watanionea huruma," alisema.

"Si ndiyo marafiki?"

"Wakishaanza kunionea huruma hawatanitania tena."

Niliona ni jambo la kitoto. Nilikuwa nimempata mume wangu Jumamosi nzima, na nikajifanya sioni kwamba aliyekaa pale dirishani hakuwa na raha.

Jumamosi ya nne alisema ana madirisha ya kumalizia karakana. Ya tano vivyo hivyo. Akawa anarudi jua linazama, ametulia, anamtania Xaveria, anakula chakula chote. Hakuwa ananuka pombe. Hilo niliona, nisiseme sikuona. Nilijiambia labda anatafuna tangawizi njiani.

Ilikuwa kama wiki ya tisa nilipoichukua simu tena. Kwenye mahudhurio namba 14 ilikuwepo, na chini yake picha ya glasi yenye povu. Jumamosi zote sita. Chini ya picha ya mwisho Theophil alikuwa ameandika, "Jamani sisi bia tunafunguliwa mezani, ya namba 14 inamiminwa nyuma ya kaunta na mwenye baa mwenyewe. Kuna nini hapo?" Na mwingine, "Namba 31 anajua anachofanya." Na wengine kucheka, mistari na mistari ya kucheka.

Namba 31 ni Vailet. Ndiye mwenye grosari kule Bagara ambako walikuwa wanakutana. Aliachika zamani, hana mtoto, na ana sauti nzito inayofanya watu wageuke. Hapa kwetu mhudumu anakuletea chupa ikiwa imefungwa na kuifungua mbele yako, ili uone hujauziwa masalia ya mtu. Mwanamke anayekumiminia kinywaji chako pembeni, akakuletea kwa mkono wake, watu wanajua hiyo ni huduma ya mke kwa mume. Nilifungua ujumbe wao wa faragha. Vailet alikuwa ameandika, "14, ya kwako nimeshaiweka. Njoo mapema kabla wenzako hawajafika. Wasijue."

Nilingoja hadi Jumapili, baada ya misa. Alikuwa ameinama anavua viatu.

"Namba 31 anakuwekea nini?"

Alibaki ameinama. "Malta."

"Malta."

"Ile nyeusi ya kimea, haina kilevi. Akiimimina kwa haraka inatoa povu. Wale wanadhani ni bia nyeusi. Nakaa nao tu, Benadetha. Sinywi."

Nilicheka. "Na hiyo malta haishuki kooni hadi ipite kwenye mikono ya Vailet?"

"Wakifungua mezani wataona chupa."

"Wakiona chupa watakufa?"

"Hawatakufa. Wataanza kuuliza."

"Na mimi mkeo nilitakiwa nisiulize?"

"Uliniapisha mbele ya kaka nisikanyage baa. Ningekwambia nini?" Aliinua kichwa. "Nikikaa hapa Jumamosi nawaza bia. Nikikaa kule na ile glasi siwazi. Sijui kwa nini iko hivyo. Ndivyo ilivyo."

Leo nikiyaandika maneno yake naona yalikuwa maneno ya kweli, yamenyooka, hata mtoto angeyaamini. Siku ile nilisikia jambo moja tu, kwamba siri yake ya uhai aliipeleka kwa mwanamke mwingine.

"Sikiliza," nilisema. "Sishindani na bia. Nashindana na yule mwanamke. Afadhali ukanywe na Theophil na wenzako kwenye baa za huko stendi kuliko kuwa mikononi mwa Vailet."

Aliweka kiatu sakafuni. "Unajua unachosema?"

"Najua."

"Haya."

Nilisimama nyuma ya kiti chake hadi akaifungia namba ya Vailet kwenye simu, asiweze kumpigia wala kumwandikia. Kisha nikapakua chakula.

Theophil hakuwa na tatizo kuhamisha meza. Damasi alimwambia Bagara kuna vumbi, wakahamia baa moja karibu na stendi ya mabasi, yenye televisheni kubwa. Jumamosi ya kwanza huko Damasi alituma picha ya soda. Niliisoma Jumapili akiwa bafuni. "Zahanati," waliandika. "Nani kamloga?" "Shemeji kamfunga kamba." Theophil akaandika, "Kwa Vailet ulikuwa unakunywa, huku kwetu unatunyima?" Vailet, ambaye alikuwa bado yumo kundini ingawa meza imemkimbia, aliandika mstari mmoja: "Mwacheni namba 14, kila mtu na koo lake."

Nililisoma hilo la Vailet mara tatu nikiwa nimekasirika. Anamtetea, nikasema. Bado anamtetea. Hilo la shemeji na kamba lilinifurahisha kidogo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kundi lile kunitaja.

Jumamosi iliyofuata namba 14 alituma bia. Chupa kando, glasi kando, na watu wakampigia makofi kama walivyompigia Rogath.

Mimi niliona kitu hakijabadilika isipokuwa mahali. Kwa akili yangu alikuwa anakunywa tangu Bagara, sasa anakunywa stendi, na walau kule hakuna Vailet. Alianza kurudi ananuka. Hilo nalo niliona. Mwezi wa kumi na moja macho yake yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya manjano, Krismasi tumbo likajaa, na katikati ya hayo yote, siku moja nilipomkuta Vailet sokoni akinunua samaki na akaniuliza, "Damasi hajambo?", nilimjibu, "Mume wangu yuko vizuri," nikatembea nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha. Nilikuwa nimeshinda.

Alilazwa mwezi wa pili. Siku tisa.

Tulimzika Dareda, kwenye shamba la baba yake. Darasa la 2008 walikuja na mabasi mawili madogo, wamevaa fulana nyeupe zilizoandikwa mgongoni "14". Walibeba jeneza wao. Walisoma risala ndefu kuliko ya familia. Rogath alilia hadi akashikwa mikono. Ndugu zangu waliwasifu, wakasema marehemu alikuwa na watu, na mimi nilikaa kwenye mkeka na kanga kichwani nikihesabu fulana zile na kuona ni kama wamenipokonya hata maiti. Theophil alikuja kunipa pole, akachuchumaa.

"Shemeji, tumepoteza mtu."

"Asante kwa kuja."

"Ile picha ya kundi umeipenda? Tulitafuta aliyocheka vizuri. Aliipiga Vailet kule Bagara."

Nikamwambia ni nzuri. Vailet alikuwa upande wa wapishi, amevaa fulana yake, anakoroga sufuria la wali na mwiko mkubwa, moshi unamwingia machoni. Alikuwa analia au ni moshi, sikutaka kujua. Nilimwambia dada yangu asile chakula cha sufuria lile. Dada yangu alinishangaa, akala.

Baada ya arobaini, Alhamisi moja mchana, nilikuwa kwenye cherehani nikasikia hodi. Alikuwa Vailet. Amevaa kitenge cha kawaida, hana hata hereni, amebeba mkungu mdogo wa ndizi. Sikuwa na namna, nikamkaribisha kwenye benchi.

"Wifi," alisema, "nina swali. Likiwa baya unisamehe."

"Uliza."

"Damasi nilimkosea nini?"

Nilisimamisha mguu kwenye pedali. "Umkosee kwani ulikuwa na nini naye?"

"Hakukwambia?" Alinitazama akashusha macho. "Basi alikufa na siri yetu. Wifi, mimi baba yangu alikufa kwa ini, nikiwa kidato cha pili. Siku Damasi alipokuja dukani kwangu mchana, hakuna mtu, akaomba maji, akakaa anaiangalia ile meza yao, nikamwona macho. Nikamuuliza, daktari kasemaje? Akanijibu yote. Akasema nimewakumbuka wale wajinga lakini nikikaa nao nitakunywa. Nikamwambia kaa. Nitakumiminia mimi."

"Malta," nilisema.

"Ah. Kumbe alikwambia."

"Alitaja."

"Wiki sita. Hakuonja hata tone, nakuapia kwa kaburi la baba. Siku moja Rogath alitoka Dodoma, akataka wabadilishane glasi, eti undugu. Nilijifanya nimejikwaa, nikaimwaga yote kwenye suruali yake. Rogath alitukana kisomi, tulicheka siku nzima." Alicheka kidogo, akaacha. "Nilikuwa nimeshapanga. Nilisema nikifikisha mwaka naye, nitamchukua na Rogath. Kisha Theophil. Mmoja mmoja, nyuma ya kaunta, hadi meza nzima iwe ya malta na hakuna anayejua mwenzake. Damasi aliposikia hilo alisema utafilisika, Vailet."

Niliurudisha mguu kwenye pedali, nikautoa tena.

"Halafu ghafla hakuja. Meza ikahama. Nampigia haiiti, ujumbe hauendi. Nikaona picha ya bia, nikajua ni bia kweli, chupa yenyewe ilikuwa kando ya glasi. Nilitaka kuja hapa kukwambia. Nikafika mpaka pale kwenye mashine ya kusaga. Nikasema, nitamwambia nini mke wa mtu? Atanielewaje? Nikarudi." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Kwa hiyo nauliza. Labda nilimdhalilisha, kumfichia kinywaji kama mtoto. Labda nilisema neno. Wewe ulikuwa naye. Alisema nini kuhusu mimi?"

Cherehani ilikuwa imebana kola ya sare ya mtoto wa mtu. Nilikuwa nimeshika kitambaa kwa mikono yote miwili. Ningeweza kumwambia wakati ule ule, sentensi moja, kwamba alinieleza yote na mimi nikamcheka, kwamba ni mimi niliyesimama nyuma ya kiti. Maneno yalikuwa tayari. Na pamoja nayo, hapo hapo, kulikuwa na jambo jingine kifuani ambalo naona aibu kuliandika: nilimwonea wivu. Bado. Amepata wiki sita za mume wangu ambazo mimi sikuzipata, amemjua alipokuwa anaogopa, na alichokuwa anampa kilikuwa kinamponya. Ningemwambia ukweli, angekuwa nazo wiki zile zikiwa safi kabisa, na mimi ningebaki na ile Jumapili.

"Hakusema kitu," nilisema. "Nadhani wenzake walimvuta."

"Kwa hiyo hakunikasirikia?"

"Sijui, Vailet. Damasi alikuwa haongei."

Aliitikia kwa kichwa. Alikaa kidogo, akaniuliza kama sare zile nazipiga pasi mwenyewe, nikamwambia ndiyo, akasema mgongo wangu utaisha, akainuka akawasha pasi ya mkaa kule uani. Alipiga pasi sketi kumi na mbili siku ile. Xaveria alipotoka shule alimkuta, akamwamkia, na baada ya nusu saa nilisikia wanacheka huko uani wote wawili.

Theophil anaendelea kuita mahudhurio. Namba 14 wanairuka. Mimi bado nina simu ya Damasi na bado nasoma, ingawa nimeacha kuichaji kila siku. Mwezi uliopita Rogath alituma picha ya glasi tupu iliyopinduliwa, hakuandika neno, na kundi lilikaa kimya hadi jioni. Sijui maana yake. Wiki iliyofuata alituma bia.

Vailet huja kila Alhamisi mchana, siku ambayo grosari yake haina watu. Anapiga pasi, tunakunywa chai, anamsaidia Xaveria hesabu. Xaveria anamwita shangazi. Vailet anaamini kwamba Damasi alikufa amemkasirikia, na wiki iliyopita ameniomba niende naye Dareda akamwombe msamaha kaburini. Tunaondoka Jumamosi kwa basi la saa mbili. Sijamwambia.